Kopo la Vifungo na Diski ya Mzee Rula

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile kubwa, kitu kikidondoka kwenye nguo hakitupwi. Hiyo ilikuwa sheria, na aliyeiweka ni mpiga pasi mmoja ambaye wenzake wote walimwita Mama Nyoosha. Kifungo kikikatika kwenye koti la daktari, koponi. Nusu ya kifungo, koponi. Ndoano ya sketi, jino la zipu, hata kile kiplastiki chembamba cha kunyooshea kola, vyote koponi, kwa sababu mwenye nguo anaweza kuja kesho kavimba mashavu anadai chake. Wenzake walimcheka wee mpaka wakachoka wenyewe. Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa, na lilikaa chini ya meza yake ya pasi karibu na mguu wa kushoto.

Tena alikuwa na ugonjwa mwingine. Vidole vyake havikuweza kuona kitu kidogo kimekaa pasipo pake vikatulia. Uzi begani kwako, anautoa. Unywele kwenye kola ya mkuu wa idara, katikati ya mkutano, anautoa. Kuna mgeni aliwahi kufika nyumbani kwake na chembe ya mkate shavuni, akabanduliwa chembe kabla hajaambiwa karibu. Nawaambieni mambo haya mawili mapema, kopo na vidole, maana bila hayo Mama Nyoosha asingemwaga machozi mbele ya fundi wa kompyuta, na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Mumewe alikuwa mchora ramani za nyumba. Mzee Rula, walimwita hivyo tangu akiwa kijana mwenye nywele, kwa kuwa hata kiti hakukikalia kabla hajakinyoosha kikawa sambamba na ukuta. Ukitembea mitaa ya upande ule, nyumba nyingi unazoziona alizichora yeye. Ila yeye na mkewe walipanga vyumba viwili kwenye nyumba ndefu yenye korido katikati, na jiko lao lilikuwa kwenye hiyo korido, juu ya stuli. Kila mpangaji anayekwenda kuoga alipita na taulo lake kando ya sufuria ya Mama Nyoosha, na wengine walichungulia bila aibu wakauliza leo kuna nini. Miaka yote ya ndoa alipika hivyo, watu wakimpita mgongoni.

Kwa hiyo jioni, kazi za watu zikiisha, Mzee Rula alikuwa anafungua kompyuta yake na kuchora nyumba yao wenyewe. Kiwanja walikuwa nacho, kimejaa majani, nyumba hakuna. Mama Nyoosha alikuja na mikono mibichi akasimama nyuma ya kiti.

"Mzee, hapo jikoni nataka dirisha kwenye kona. La pande mbili. Nikiosha vyombo nione barabara, nikigeuka nione uani."

"Haiwezekani, mama watoto."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kona hiyo ina nguzo. Nguzo inabeba paa. Nikiitoa utaona barabara, utaona uani, na mbingu utaiona."

"Nyumba yenyewe haipo, Mzee! Nguzo inabeba paa gani?"

"Hata ya kuchora haidondoki mikononi mwangu."

Mama Nyoosha alifyonza, akaenda kugeuza mboga, akarudi. Sasa ni stoo. Stoo haiwezekani, itakula njia. Basi kabati la ukutani. Kabati, ngoja nione. Kesho yake wakaanza upya na dirisha la kona. Waliopakana nao ukuta walidhani hawa watu wanagombana kila siku ya Mungu. Hawakuwa wanagombana. Ndiyo ilikuwa raha yao, na ukitaka kujua ndoa yao ilikaa wapi hasa, ilikaa pale, kati ya kiti na mikono mibichi.

Kisha kiharusi kikampiga mwanamume yule asubuhi moja akiwa anafunga viatu. Kikachukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua maneno yote, kikamwachia moja tu: haya. Ukimpa uji, haya. Ukimgeuza kitandani, haya. Kidonda cha kulala sana kikimuuma, haya. Madaktari walimwambia Mama Nyoosha amshukuru Mungu kwa kubaki na mumewe, na alishukuru, tena kwa moyo. Kumwogesha hakukumchosha, mtu aliyenyanyua mashuka mabichi maisha yake yote ana mgongo. Kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua, na aliona aibu kumwambia mtu, maana wangesema mama huyu kachanganyikiwa.

Mzee wake alikuwa hamkatalii tena.

"Mzee, nifungue dirisha?" Haya. "Au nilifunge?" Haya. Siku moja alimvalisha shati mshono nje, kwa makusudi, mwanamume ambaye zamani angekaa na fulana siku nzima kuliko kuvaa shati lililokunjamana. Akamwangalia usoni, akingoja. "Haya," akasema Mzee Rula kwa upole, akatazama mlangoni. Mama Nyoosha alimvua lile shati akamvalisha upya, kisha akaenda bafuni, akafungulia maji ili wapangaji wasisikie, akalia. Alikuwa anaishi na mgeni mwenye adabu. Alimtamani mumewe aliye hapo hapo mbele yake. Alitamani kubishiwa.

Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, alirudi na habari njema. Kijana mwema, mikono yake haikuwa ya birika kwa wazazi, ila haraka zake zilikuwa nyingi kuliko miguu. "Mama, tunajenga," akasema hata kabla hajavua mkoba. "Mwashi nimeshapata. Jumatatu watu wanachimba msingi." Akatoa simu akamwonyesha ramani aliyoipata huko mitandaoni, nyumba ya kupendeza, mbele ina nguzo mbili kama benki.

"Nzuri, baba," akasema Mama Nyoosha. "Lakini mimi nataka ile ya baba yako."

"Ya baba ipo wapi?"

"Si kwenye kompyuta yake."

Kijana akajikuna kisogo. Kompyuta ilikufa zamani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifungua siku ile ya kuitupa. Alitoa ile diski inayotunza kazi zote, kisanduku cha chuma cha kukaa kiganjani, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kebo yake, akaiweka juu ya kabati. Ila kebo ilikuwa imeng'ang'ania. "Niliivuta kwa pembeni, mama, nikasikia kra. Sidhani kama inasoma."

"Tutaisomesha."

"Mama, nyumba ni nyumba. Hii ina vyumba vitatu na choo ndani, unataka nini tena?"

Mama Nyoosha angemjibu nini? Kwamba anataka nyumba ambayo kila ukuta wake umebishaniwa? Alinyoosha mkono akaushusha ule mfuko kutoka juu ya kabati. Kijana alipoona hivyo alilegea, akasema sawa, mpaka Jumapili. Ramani ikipatikana, itajengwa ya baba. Isipopatikana, Jumatatu watu wanachimba ya kwenye simu, kwa maana mwashi akienda zake kwa mwingine hapatikani tena mwaka huu. Mama Nyoosha akaitikia, roho ikiwa juu.

Ijumaa akaenda kazini na ule mfuko, apitie kwa fundi saa ya mapumziko. Katikati ya mashuka akaufungua kidogo, aangalie tu. Akaona kwenye mdomo wa kebo kuna kitu kidogo cheusi kimekwama. Mwajua tena. Vidole vile vikachukua pini ya nywele, vikachokonoa, tik, kikatoka. Akapuliza, akafuta kwa kitambaa chenye unyevu, akaridhika, akaendelea kunyoosha mashuka huku anawaza dirisha.

Fundi wa kompyuta alikuwa na kijichumba chini ya ngazi za jengo kuukuu, mahali ambapo akisimama ghafla anagonga kichwa, na aligonga kila siku. Pande la mtu, miwani kaipandisha kwenye paji. Jina lake alilopewa na wateja lilikuwa Subiri, kwa sababu neno hilo ndilo salamu yake, ndilo bei yake na ndilo kwaheri yake. Aliipokea diski, akaigeuza, akashusha miwani. Akaangalia kebo. Akaangalia diski tena.

"Mama, nani kasafisha hii kebo?"

"Mimi," akasema Mama Nyoosha, na alisema kwa majivuno.

Subiri akaiweka chini taratibu. "Na huo uchafu ulioutoa, ulikuwa wa namna gani?"

Hapo ndipo majivuno yalipomwishia Mama Nyoosha. Fundi akamsogezea taa aone mwenyewe. Diski ilikuwa na sehemu mbili za kuchomeka, kubwa ya umeme, ambayo ilikuwa nzima, na ndogo ya kupitishia kazi. Hiyo ndogo ilipaswa kuwa na kiulimi cha plastiki, na juu ya kiulimi zinalala pini nyembamba za rangi ya dhahabu. Sasa kiulimi hakikuwepo. Pini zilikuwa zimening'inia hewani, hazina pa kujiegemeza.

"Kijana wako alipoivuta, kiulimi kilikatika kikabaki ndani ya kebo," akasema Subiri. "Ungeniletea na uchafu wake, mama, ningekirudisha hivyo hivyo kilivyo. Bila hicho, nikichomeka kebo hizi pini zinajikunja, zikijikunja ndiyo basi. Naweza kujaribu kuchomelea nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, moja moja. Lakini sikudanganyi. Diski ni mzee, pini zimechoka, mkono ukiteleza kidogo tumeiua."

Mama Nyoosha akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, bila kukaribishwa. Machozi yakamtoka tu, hakuyaita. "Mikono hii," akasema, akiitazama. "Ningeikata leo."

"Usiikate, subiri kwanza. Ulikitupa wapi?"

"Sikumbuki, mwanangu. Nilikuwa na mashuka."

"Kilikuwa kidogo hivi, kimekunjwa mwishoni, kama kiatu."

"Kiatu?" Mama Nyoosha akainua kichwa. "Kama kiatu, ndiyo! Nilikiona nikasema... Ngoja." Akafuta uso kwa kiganja. Macho yakamtoka. "Fundi, mimi situpi kitu! Mimi sijawahi kutupa kitu maisha yangu!"

Akatoka mbio, na mwili ule si wa mbio. Subiri alibaki ameshika miwani, hajaelewa hata nukta. Baada ya muda akamwona anarudi kupitia mlango wa mbele, kakumbatia kopo kubwa kifuani, linalia chakacha chakacha kila hatua, na watu wanampisha.

Walilimwaga kwenye sinia ambalo Subiri hutumia kuwekea skrubu. Lo! Vifungo vyeupe, vya buluu, vyenye matundu mawili na vyenye matundu manne, vifungo nusu, ndoano, meno ya zipu, beji ya muuguzi isiyo na jina.

"Mama," akasema Subiri, "hospitali nzima imevuliwa nguo humu ndani?"

"Chambua, acha maneno."

Wakachambua. Mama muuza chaja wa kijumba cha jirani akaja kuuliza wanatafuta nini, akaambiwa, naye akaingiza mkono. "Hiki hapa!" akapiga kelele, kumbe jino la kichana. "Basi hiki!" Kipande cha kijiko. Mchana ukasogea. Subiri akaanza kuangalia kwa pembe ya jicho laptopu za wateja zinazomngoja. Mama Nyoosha aliacha kutumia macho. Alifumba, akapitisha vidole kwenye ule mlima kama anavyovipitisha kwenye shuka kutafuta mkunjo, pole pole, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Vifungo alivijua kwa mguso, vyote. Kidole kimoja kikakutana na kitu kisicho kifungo wala ndoano, chenye kona. Akakileta mbele ya taa.

Subiri akanyoosha mkono. Alikishusha kwenye kiganja chake, akashusha na miwani. Kisha akacheka kwa sauti nene, akasimama, akagonga kichwa kwenye ngazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kushika pumzi. Alikiosha kile kiulimi kwa spiriti, akakikausha. Akachukua gundi kwenye ncha ya sindano, tone dogo hata kuliona ni shida, akapaka pale kilipovunjikia. "Gundi ikipanda juu ya pini, tumekwisha," akasema, "umeme haupiti kwenye gundi." Akakisukuma chini ya zile pini kwa koleo jembamba, akazilaza pini kwenye mifereji yake, hii, na hii, na hii, kwa sindano, mwanamume mwenye vidole vinene vile, akizibembeleza kwa maneno. "Njoo mama, lala. Na wewe. Wewe una kiburi, lala." Mama Nyoosha alikuwa amemshikia taa.

"Pumua, mama. Usije ukaniangukia hapa, nafasi yenyewe haitoshi."

Akapumua. Kiulimi kikakaa. Sasa kazi ikawa kungoja ikauke, na hapo ndipo Mama Nyoosha alipoona, juu kabisa ya diski, karibu na gundi mbichi, kiuzi cheupe kimetua. Kiuzi cha shuka, kimetoka kwake mwenyewe. Kidole kikanyanyuka.

"Subiri!" Fundi alimpiga kofi dogo la mkono, akashtuka mwenyewe kwa kumpiga mtu mzima. "Samahani, mama. Lakini jamani!"

Muuza chaja alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Nyoosha akaikalia mikono yake yote miwili, kabisa, chini ya mapaja, akabaki hivyo mpaka gundi ilipokauka.

"Tunachomeka mara moja tu," akasema Subiri. "Haitolewi tena mpaka tumenakili kila kitu. Hii kebo na hii diski kuanzia leo ni mke na mume." Akaisukuma wima, bila kuyumba. Akawasha. Diski ikaanza kuzunguka, ikavuma, kwanza kwa kukwaruza halafu laini.

Mama Nyoosha aliusikia ule mvumo. Alikuwa ameusahau. Miaka ile yote jioni ulikuwepo chini ya maneno yao, wala hakujua kwamba anausikia. Alijikuta anageuka kuangalia kama mboga haziungui.

Kwenye kioo cha kompyuta hakikutokea kitu. Subiri akainua kebo kidogo kwa kidole, diski ikaonekana. Akaachia, ikapotea. Akakunja kipande cha boksi akakiweka chini ya kebo, ikarudi, ikapotea. "Mama, lete hicho kidole chako cha umbeya. Shika hapa. Hapo hapo. Usitingishike." Akashika. Diski ikarudi ikakaa, na kwenye kioo kukajipanga folda za Mzee Rula, alizoziita kwa namna yake: Nyumba ya Mwalimu Mfupi. Duka la Shemeji. Choo cha Jirani Mkorofi. Mama Nyoosha alicheka kwa kwikwi, kidole kimeganda.

"Yenu inaitwaje?"

"Nyumba Yetu. Au Nyumbani."

Subiri akashuka na orodha. Hakuna Nyumba Yetu. Akapanda, akashuka tena. Nyumbani hakuna. Akatafuta jina la mtaa wa kiwanja, hakuna. "Pengine aliifuta, mama," akasema kwa sauti ya chini, "wengine hufuta wakipunguza mzigo." Mama Nyoosha akasogeza uso karibu na kioo. Aliangalia zile folda moja baada ya nyingine, midomo inasoma. Ghafla akasema, "Hiyo. Fungua hiyo."

Folda ilikuwa imeandikwa Haiwezekani.

Humo ndani zilikuwa ramani nyingi, za miaka na miaka, zote za nyumba moja. Ya mwisho ilihifadhiwa siku chache kabla ya ile asubuhi ya viatu. Subiri alizinakili zote kwenye fleshi kwanza, kwa sababu hakuiamini ile ndoa ya kebo, ndipo akafungua hiyo ya mwisho. Hilo hapo jiko. Hilo hapo kabati la ukutani, alilikubali kumbe. Hapo kwenye kona, nguzo, nyeusi, imesimama pale pale.

"Mkaidi huyu," akasema Mama Nyoosha, machozi yanamwingia mdomoni.

"Subiri, mama. Ona hapa." Fundi akavuta kona ile ikawa kubwa. Pembeni mwa nguzo kulikuwa na mistari ya nukta nukta, hafifu, ya dirisha la pande mbili. Imekatwa. Chini yake nyingine, dirisha dogo zaidi, imekatwa. Nyingine tena, nguzo imesogezwa, imekatwa. "Huyu alijaribu. Alijaribu sana. Paa ndilo lililomshinda."

Mwanamume yule kila jioni alikuwa anamjibu haiwezekani bila hata kugeuza shingo. Kisha, mkewe akishalala, au akiwa kazini, alikuwa anarudi kwenye kona ile kutafuta njia, na hakumwambia. Mama Nyoosha akaondoa kidole kwenye kebo. Diski ikakata, folda zikatoweka kiooni, lakini haikujalisha tena. Alitaka kwenda nyumbani.

Jumapili mchana ramani ilikuwa mezani, imechapishwa kwenye karatasi kubwa, vikombe vinne vimewekwa kwenye pembe zake isijikunje. Mwanawe alikuwepo. Mwashi alikuwepo, mtu mkimya mwenye penseli sikioni, na alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu mzee alijua kazi yake," akasema. Mzee Rula mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake kando ya meza, mkono wa kulia umelala mapajani, anatazama mlangoni kama kawaida. Mama Nyoosha alikisogeza kile kiti, akakigeuza, kikawa sambamba na meza. Halafu akaomba penseli ya mwashi.

"Fundi, hapa kwenye kona nataka dirisha la pande mbili."

Mwashi akaangalia. "Sawa, mama. Tutatafuta namna."

"Mpe mama anachotaka," akasema kijana. "Sawa kabisa."

Sawa, sawa. Siku hizi kila mtu alikuwa anamwambia sawa. Mama Nyoosha hakuwatazama. Alimtazama mumewe.

"Mzee. Naitoa nguzo. Naweka dirisha."

Akaweka ncha ya penseli juu ya nguzo, akachora msalaba wa kuifuta, polepole. Mzee Rula aliyaondoa macho mlangoni. Akaangalia penseli. Akaangalia karatasi, muda mrefu, kana kwamba anasoma uso wa mtu aliyewahi kumjua. Midomo ikafunguka, na Mama Nyoosha akafumba macho, kwa sababu alijua ni neno gani litakalotoka na hakutaka kulisikia kwa upole ule.

Kitu kikagusa mkono wake. Akafumbua. Mkono wa kushoto wa mumewe ulikuwa umetoka kwenye mapaja, umevuka karatasi, na unaisukuma penseli pembeni.

Mama Nyoosha akairudisha. Akachora tena.

"Haya!" Mzee Rula akapiga meza, vikombe vikaruka. "Haya! Haya! Haya!" Na wala haikuwa haya ya uji. Ilikuwa na ukali wote wa zamani ndani yake, paji limekunjwa, shingo haikugeuka hata kidogo.

"Mama, baba kakasirika," kijana akainuka. "Muache, utamuumiza."

"Kaa chini wewe! Usituingilie." Mama Nyoosha alikuwa analia na meno yote yako nje. Akainama karibu na uso wa mumewe. "Kwa nini haiwezekani?"

Mzee Rula akaweka kidole cha kushoto juu ya nguzo. Kisha akakiinua juu, juu zaidi ya kichwa chake, akakielekeza kwenye dari.

"Inabeba paa?"

"Haya."

"Nyumba yenyewe haipo, Mzee. Inabeba paa gani?"

Upande mmoja wa mdomo wake, ule ulio hai, ukapanda. Mwashi alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake ili asiwaone. Mama Nyoosha alimrudishia penseli, akafuta uso kwa ncha ya khanga, akautoa uzi uliokuwa begani kwa mumewe.

"Fundi, kesho chimbeni kama alivyochora. Nguzo msiiguse." Akavuta stuli, akakaa, akaisogeza ile karatasi iwe katikati yao wawili. "Sasa Mzee, tuongee habari ya stoo."

Mzee Rula alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa.